Udongo wa Mteremkoni: Nani Hubeba Gharama ya Kuuhifadhi?

Katika miaka ya 1930, mtaalamu mmoja aitwaye R. R. Staples alitenga huko Mpwapwa vipande vidogo vya ardhi juu ya mteremko usio mkali. Alivizungushia kingo, na chini ya kila kipande akaweka birika la kupokea maji ya mvua pamoja na udongo uliochukuliwa na maji hayo. Kipande kimoja kiliachwa na kichaka chake cha asili bila kuguswa na mifugo. Kingine kilikuwa cha majani, cha tatu kililimwa nafaka, na cha nne kiliachwa kitupu kabisa. Majaribio hayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza ya namna yake barani Afrika, na matokeo yake yangali yakitajwa katika vitabu vya elimu ya udongo hadi leo.

Katika kipande cha kichaka, asilimia 0.4 tu ya maji ya mvua ndiyo yaliyotiririka juu ya ardhi, na udongo haukupotea. Katika kipande cha majani maji yaliyotiririka yalikuwa asilimia 1.9, na udongo haukupotea vilevile. Shamba la nafaka lilipoteza asilimia 26 ya maji yake, pamoja na udongo wa tani 78 kwa hektari kwa mwaka. Kipande kitupu kilipoteza nusu ya maji yote, na udongo wa tani 146.

Yafaa takwimu hizo zigeuzwe kuwa kina cha udongo, maana tani haionekani kwa macho shambani. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa tani 1.4 hivi. Tani 78, basi, ni takriban mita za ujazo 56; na zikitandazwa juu ya hektari moja, yaani mita za mraba 10,000, hupata unene wa milimita 5 na nusu. Hakuna mkulima awezaye kuliona pengo la milimita 5 katika msimu mmoja. Lakini tabaka la juu lenye rutuba, likiwa na kina cha sentimita 15, lingekwisha lote kwa miaka 27 hivi. Mtoto aliyezaliwa siku hesabu hiyo ilipoanza angekuwa ndiyo kwanza anapewa shamba la kulima.

Kinachoanza kuitenda kazi hiyo ni tone la mvua lenyewe. Tone kubwa la mvua ya nguvu hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Likiukuta udongo mtupu huvunja vidonge vyake, na chembe nyembamba zinazotokea huziba vinyweleo ambavyo maji yangepitia kushuka chini. Maji yaliyokosa mlango wa kuingilia hayana budi kutiririka, na katika kutiririka huchukua kwanza mboji na chembe ndogondogo, yaani ile sehemu ya udongo ambayo mimea huitegemea kwa chakula. Udongo huondoka hivyo tabaka baada ya tabaka, kimyakimya. Makorongo ambayo watu huyapiga picha huja baadaye sana, wakati hasara kubwa imekwisha kutokea. Ardhi ikiwa imefunikwa kwa majani mabichi au makavu, tone hupigwa na jani badala ya udongo, na mkasa wote huo hauanzi.

Kwa hiyo, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, kanuni za msingi za kuhifadhi udongo zilikuwa zimekwisha kujulikana na kupimwa papa hapa Afrika Mashariki. Swali lililobaki halikuwa la maabara. Kufunika ardhi maana yake ni kuacha kulima sehemu yake, au kupunguza mifugo, au kuongeza siku za kazi. Na kila moja kati ya hayo lina mtu wa kulilipia. Katika nchi ambamo ardhi nzuri, ng'ombe na nguvu za kazi havikugawanyika sawasawa, malipo hayo nayo hayakuwaangukia watu sawasawa. Historia ya Milima ya Uluguru yaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko mahali pengi.

Kati ya msitu na mkonge

Uluguru ni safu ya milima iliyo kusini mwa mji wa Morogoro, na vilele vyake hupita kimo cha mita 2,600. Mvua zake hulisha mto Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo Dar es Salaam. Sehemu za juu za milima hiyo ni msitu, ambao ulianza kuwekewa mipaka ya hifadhi tangu enzi ya utawala wa Wajerumani. Chini, katika nchi tambarare inayopitiwa na reli ya kati, utawala huo na ule wa Waingereza ulioufuata ulitoa maeneo makubwa kwa mashamba ya mkonge, kama yale ya Kingolwira, Mikese na Ngerengere.

Si haki kusema kwamba Waluguru walisukumwa milimani na mkonge. Walikuwa wakikaa huko tangu zamani kwa sababu zao wenyewe: usalama, hali ya hewa ya baridi, na mvua zisizokosekana. Lakini watu walipoongezeka, njia ya kupanda juu ilikuwa imefungwa na mpaka wa msitu, na sehemu nzuri ya nchi ya chini ilikuwa na mwenyewe. Mkulima alibaki katikati, mahali ambapo shamba lake limelalia ubavu wa mlima. Kipindi cha kupumzisha ardhi, ambacho zamani kilitosha kurudisha kichaka, kilizidi kufupishwa.

Hata katika ubavu huo ardhi haikuwa ya kila mtu kwa namna moja. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ilishikwa na ukoo chini ya mkuu wake. Mtu asiye wa ukoo wenye ardhi aliweza kupewa mahali pa kulima kwa kutoa ngoto, yaani zawadi ndogo ya kila mwaka ambayo thamani yake haikuwa kitu, ila maana yake ilikuwa kubwa: kila aliyeitoa alikiri kwamba ardhi si yake. Mkopaji wa namna hiyo alipanda mahindi, maharage au mpunga. Kupanda mti wa kudumu lilikuwa jambo jingine, kwa kuwa mti ni dai. Msomaji na akumbuke jambo hili, kwani ngazi iliyochimbwa katika mlima nayo hudumu kama mti.

Hesabu ya jembe

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Shabaha yake haikuwa mbaya. Mito ilikuwa ikibeba tope, mashamba yalikuwa yakichoka, na wataalamu waliogopa kwamba milima ingebaki mawe. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi: ubavu wa mlima ukatwe vipande vya tambarare, kimoja juu ya kingine, ili maji yasipate mwendo. Uchomaji wa majani ulipigwa marufuku. Kila mlipa kodi alipangiwa kiasi cha ngazi za kuchimba, na asiyetimiza alishtakiwa na kutozwa faini chini ya amri za watawala wa jadi, ambao kwa njia hiyo walifanywa askari wa mpango usio wao.

Walimu wa hisabati na wa jiografia wanaweza kuwapa wanafunzi hesabu ifuatayo, maana inaeleza mengi ambayo ripoti za wakati ule hazikuyasema. Chukua mteremko wa asilimia 50, yaani nyuzi 27 hivi, ambao katika Uluguru si mkali kupita kiasi. Kata ngazi zenye upana wa mita 2. Kila ngazi itapanda mita 1 kutoka ile iliyo chini yake. Ili kuitandaza, udongo wa nusu ya ndani hukatwa na kutupwa kwenye nusu ya nje. Sehemu inayokatwa ni pembetatu yenye kitako cha mita 1 na kimo cha nusu mita, kwa hiyo kila mita moja ya urefu wa ngazi hutaka kuhamishwa robo ya mita ya ujazo. Hektari moja ina mita 5,000 za ngazi kama hizo. Jumla ni mita za ujazo 1,250, au tani 1,750 za udongo, ambazo zote huhamishwa kwa jembe la mkono.

Ichukuliwe sasa familia yenye robo ya hektari tu. Fungu lake ni mita za ujazo 312. Ikikadiriwa kwamba mtu mmoja aweza kuhamisha mita za ujazo 3 kwa siku, kazi hiyo ni ya siku 104, nje ya kulima, kupalilia, kuteka maji na kutafuta kuni. Mtu mwenye duka au mwenye mshahara aliweza kuwalipa vijana wamchimbie. Mjane hakuweza. Kodi ilihesabiwa kwa jina la mwanamume, lakini katika milima hiyo sehemu kubwa ya kazi ya jembe ilikuwa ya wanawake, na wanaume wengi walishuka kutafuta kibarua, mara nyingi katika mashamba yaleyale ya mkonge.

Hesabu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini mazao yalikataa kumea. Ukutani, mwishoni mwa upande wa ndani wa ngazi, udongo umekatwa kwa kina cha nusu mita. Mahali ambapo tabaka la rutuba ni sentimita 15, kila kitu kilichokuwa chini yake sasa kimeletwa juu: udongo mwekundu au wa kijivu, wenye asidi, usio na mboji. Rutuba ya zamani imefukiwa chini ya upande wa nje. Ngazi ya namna hiyo hustawi ikipewa samadi nyingi kwa miaka kadhaa. Katika sehemu za mashariki, kama Matombo, ng'ombe walikuwa haba na samadi haikuwapo. Mkulima aliyechimba siku 104 alivuna pungufu ya mwenzake aliyekwepa.

Upande wa magharibi, huko Mgeta, mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ushahidi bora kuliko wote. Wakulima wa Mgeta walikuwa na desturi yao ya kukata vijingazi tangu kabla ya mpango. Walilima mboga, walikuwa na maji ya kumwagilia, na mboga hizo ziliuzwa mjini kwa fedha. Ngazi inayobeba kabichi za kuuza hulipa gharama yake, na mkulima mwenye fedha aweza kununua mbolea. Watu walewale wa Uluguru walioitwa wakaidi katika bonde moja walikuwa wakichimba kwa bidii katika bonde jingine. Bwana shamba aliyedhani kwamba kasoro iko katika akili za wakulima angaliweza kujua ukweli kwa kutembea kutoka Matombo hadi Mgeta.

Kisha kulikuwa na lile suala la ngoto. Mkopaji akichimba ngazi katika ardhi ya ukoo mwingine, je, ngazi ni ya nani? Wenye ardhi walihofu kwamba wakopaji wangejipatia haki ya kudumu. Wakopaji nao walihofu kwamba baada ya kuitengeneza ardhi wangenyang'anywa. Juu ya hofu hizo mbili ilikuwapo ya tatu, ambayo wote walishirikiana: kwamba serikali inayotengeneza ardhi kwa nguvu hivi ina nia ya kuichukua. Watu walioutazama mkonge kila siku kutoka milimani hawakuwa wamejitungia hofu hiyo.

Mnamo Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuupinga mpango. Mawe yalirushwa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya machafuko hayo shuruti ya ngazi iliondolewa, na chama cha TANU, kilichokuwa kimeasisiwa mwaka uliotangulia, kilipata wafuasi wengi katika milima hiyo. Katika sehemu nyingi za mashariki ngazi ziliachwa zibomoke. Kwa muda mrefu baadaye neno lenyewe la kuhifadhi udongo lilinuka ukoloni, jambo lililowapa taabu hata mabwana shamba wa serikali huru.

Milima haikungoja siasa itulie. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilianguka katika eneo la Mgeta kwa muda wa saa tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, wakiwemo Paul Temple na Anders Rapp, walihesabu maporomoko ya ardhi yapatayo 1,000 katika eneo dogo hilo. Karibu yote yalianzia katika mashamba na katika nyasi za ardhi iliyopumzishwa. Yaliyoanzia msituni yalikuwa nadra sana. Mizizi ya miti hushona tabaka za udongo pamoja, kazi ambayo ngazi haiwezi kuifanya. Lakini kumwambia mwenye robo ya hektari apande miti katika nusu yake ni kumwambia ale nusu.

Machakos: wengi zaidi, udongo zaidi

Ikiwa Uluguru yaonyesha jinsi hifadhi ya udongo inavyokataliwa, yafaa kutazama pia mahali ilipokubaliwa, ili ijulikane ni kipi kilichobadilika. Mahali hapo ni nchi ya Wakamba, Machakos, nchini Kenya.

Wakamba walikuwa wamepoteza kwa walowezi sehemu nzuri za nchi yao, kama vilima vya Mua, na waliobaki walifungiwa ndani ya mipaka ya eneo la wenyeji pamoja na mifugo yao. Ardhi iliyosongwa hivyo ilianza kuwa jangwa, na katika miaka ya 1930 wageni waliokwenda kuikagua walitoa taarifa za kukatisha tamaa. Sababu waliyoiona ilikuwa ng'ombe wengi. Mwaka 1938 serikali ilianza kukamata mifugo na kuiuza kwa nguvu. Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao alihamishiwa Lamu, lakini serikali nayo ililazimika kuiacha shuruti ile. Baada ya vita ikaja shuruti nyingine, ya kuchimba makinga maji kwa zamu za kijiji. Nayo ilichukiwa, na Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 kazi hiyo ilizorota.

Kilichofuata hakikutabiriwa na mtu. Wakulima walianza kuchimba tena wenyewe, kwa vikundi vya mwethya ambavyo wengi wa wanachama wake walikuwa wanawake, na kwa namna waliyoichagua wao. Namna hiyo huitwa fanya juu, jina ambalo limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima bila kutafsiriwa. Mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, kisha udongo huurusha upande wa juu ukawa tuta. Mvua za miaka michache huleta udongo na kuujaza nyuma ya tuta, na ngazi hujijenga yenyewe polepole, bila rutuba kufukiwa kwa siku moja. Katika mteremko wa wastani, mtaro wenye upana na kina cha sentimita 60, ukirudiwa kila mita 12, hutaka mita za ujazo 300 kwa hektari. Kwa mwenye robo ya hektari hizo ni siku 25 kwa kipimo kilekile cha awali. Mteremko ukizidi ukali mitaro husogezwa na kazi huongezeka. Hata hivyo tofauti na siku 104 ni dhahiri.

Idadi ya watu wa Machakos ya zamani ilikuwa kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930, na karibu 1,400,000 mwaka 1989. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba, pamoja na ongezeko hilo, mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila hektari yamepanda mara nyingi. Kahawa, mboga na matunda yalikuwa na soko Nairobi, na mtu alikuwa na hakika kwamba shamba lake ni lake. Kitabu hicho kilivunja imani ya siku nyingi kwamba watu wakiwa wengi ardhi lazima ife.

Habari hiyo njema ina upande wa pili, ambao haukuenea upesi kama wa kwanza. John Murton, aliyefanya utafiti katika vilima vya Mbooni miaka ya 1990, aliuliza swali jingine: ni nani hasa aliyechimba, na kwa fedha gani? Aliona kwamba kwa sehemu kubwa makinga maji yalilipiwa kwa mishahara ya mjini. Nyumba yenye mwalimu, karani au dereva iliweza kuajiri wachimbaji, kununua mbolea na kuongeza ardhi. Nyumba isiyo na mshahara iliuza nguvu zake kwa jirani, na shamba lake lilibaki nyuma. Wastani wa wilaya ulipanda huku umbali kati ya mwenye nacho na asiye nacho ukizidi. Mwanafunzi anayejifunza takwimu ana hapa mfano mzuri wa jinsi wastani unavyoweza kuwa wa kweli na bado ukaficha jambo.

Kondoa: siku mifugo ilipoondolewa

Kuna njia nyingine ambayo Tanzania iliijaribu, nayo ni kuipumzisha ardhi kwa amri. Vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, vilikuwa vimechimbika makorongo ya kutisha. Baadhi ya makorongo na mchanga uliohamishwa huko, kama uchunguzi wa baadaye ulivyobainisha, ni ya kale sana, hata maelfu ya miaka. Lakini kilimo na malisho ya karne ya 20 viliongeza kasi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji na miti havikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kutoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256.

Kama jaribio la sayansi, matokeo yaliafikiana kabisa na yale ya Mpwapwa. Majani yalirudi, vichaka vikafuata, na mito ya mchanga ilianza kupungua upana, hata sehemu za kando zake zikalimika. Kama jambo la jamii, hesabu ilikuwa ngumu zaidi. Mwenye ng'ombe wengi na ndugu nje ya eneo aliwapeleka ng'ombe wake huko, akapoteza maziwa na samadi ya kila siku lakini akabaki na mali. Mwenye ng'ombe wawili au mbuzi wachache hakuwa na mtu wa kumpelekea, akauza. Asiye na mfugo wowote hakupoteza kitu kwa amri hiyo, na alipata kuni na majani ya kuezekea karibu na nyumba yake. Kwake hifadhi ilikuwa faida tupu, kinyume cha Uluguru. Mifugo iliporuhusiwa tena kidogokidogo, tangu mwisho wa miaka ya 1980, ilikuwa ng'ombe wa maziwa wa kufugwa bandani na kukatiwa majani. Ng'ombe hao walihitaji mtaji, na wa kwanza kuwapata walikuwa wenye uwezo.

Ngazi zarudi Uluguru

Tangu mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu utaratibu mpya katika kata ya Kibungo Juu, upande wa mashariki wa Uluguru, ambako maji hushuka kwenda Ruvu. Wazo lake ni jepesi kulieleza: mwenye kunywa maji safi bondeni amlipe mwenye kuzuia tope mlimani. Shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda kimoja cha vinywaji baridi yalikubali kuchangia. Wakulima walifundishwa kuchimba ngazi na fanya juu, kupanda majani ya kukaza kingo, kuchanganya miti na mazao, na kutia samadi. Ngazi zilezile ambazo watu walipigwa risasi kwa kuzikataa zikachimbwa tena katika milima ileile, safari hii bila askari, na baadhi ya wakulima waliozitia samadi walipata mavuno mazuri ya maharage na mboga.

Huo ulikuwa mgeuko mkubwa, kwani kwa mara ya kwanza gharama ya udongo wa mteremkoni ilihesabiwa pia upande wa bondeni. Lakini malipo yalikadiriwa kwa ukubwa wa eneo lililohifadhiwa na kwa aina ya kazi iliyofanywa. Kwa kanuni hiyo mwenye hektari 2 alipata mara nane ya mwenye robo hektari. Tena mwenye hektari 2 aliweza kuzitoa zile zilizo na mteremko mkali zaidi zipandwe miti, akaendelea kula kutoka katika zilizobaki. Mwenye robo hakuwa na cha kuchagua. Na mkopaji wa ngoto, ambaye shamba lake lingeweza kudaiwa msimu uliofuata, aliulizwa aweke sahihi mkataba wa miaka kadhaa juu ya ardhi ambayo kwa desturi hakuwa na ruhusa ya kuipanda hata mwembe mmoja.